Mpira wa Jana

Jana mpira uliruka seng'enge ya Jimkhana,
ukawatawanya tausi wa Bustani ya Mimea,
ukabingirika hadi mlango wa Makumbusho,
miguuni pa Mwamvita, mlinzi wa zamu.

Chini ya meza yake ipo mingine mitano.
Kila mmoja ameuandikia kadi,
kama lile fuvu la ndani ya kioo:
Ngozi. Umeshonwa mara mbili.
Ulifukuliwa kwenye mikangaga, masika.

Leo Pazi anachungulia,
jasho limemfika kwenye nyusi,
kiatu kimoja.

"Mama, naomba mpira wetu."
"Wa karne gani?"
Kijana anafikiri kweli.
"Wa jana."

Mwamvita anacheka mpaka kofia inadondoka.
Anaurusha juu, juu ya misonobari.

Kadi inabaki mezani.
Vumbi linaanza kuisoma.