Pumba na Mchele

Rada tumeizima tangu saa nane usiku.
Mwenye kuwasha tochi gizani
humwonyesha adui pa kupiga.
Kwa hiyo twasikiliza tu, kati ya visiwa vya Ufini,
na mimi, Hilkka, ndimi sikio la watu ishirini na saba.

Feri ya Tallinn hulia kama cherehani.
Meli za mizigo, kijiko kikombeni.
Yule wa mashariki
hubisha mara tatu, hunyamaza, hubisha tena:
hodi isiyongoja karibu.

Saa kumi na dakika sita, hodi ikawa mfululizo.
Kamera ikaonyesha doa lenye joto
likija chini chini ndani ya ukungu.
Kapteni Aapeli hakuuliza mara mbili.
Vifyatuzi vikakohoa. Likatanda wingu la alumini,
nyuzi nyembamba kuliko mvi za mama yangu.

Tangu shuleni nasikia: tenga pumba na mchele.
Huku pumba hupeperushwa makusudi,
zing'ae, zifuatwe,
na mchele ujibanze chini ya ungo
ukihesabu sekunde.

Tisa. Kumi. Kumi na moja.

Kisha doa likaota shingo.
Mabata bukini, mamia, wakirudi kaskazini kutaga,
wakapita katikati ya pumba zetu wakipiga kelele.
Mmoja alitua sitahani, fedha mgongoni,
akaacha kinyesi, akaruka.

Masikioni mwangu hodi ikapungua, ikawa tatu.
Kumbe yule naye alikuwa akiwamulika ndege walewale.
Mikono yake, nadhani, ilitetemeka kama yangu.
Sikumwambia kitu.
Rada tumeizima.