Hodi za Endel

Endel Rannamets alituachia folda moja
na mto.

Folda ina faili arobaini na tatu za msimbo,
ya mwisho iliguswa Machi, miaka kumi na tisa iliyopita.
Mto ni Emajõgi, uko hapo nje ya dirisha,
umeganda tangu wiki ya Krismasi,
na programu iliyokuwa ikitupa unene wa barafu
ilikufa pamoja na kompyuta yake
Jumanne, saa nne kasorobo, bila kuaga.

Nikaambiwa: Urve, ijenge upya.
Kujenga! Kana kwamba matofali yapo.
Skripti ya kusanidi haimo.
Endel hakuihifadhi hata siku moja. Alisema
kinachozalishwa hakiwekwi kabatini:
mkate unaliwa, hamira ndiyo inayotunzwa.
Basi nina hamira tu, faili moja fupi,
mistari mia mbili na kumi ya makro
zilizoshikana kama soksi za sufu
kwenye droo ya mtu aishiye peke yake.

Naandika amri. Nangoja.
Mashine inanung'unika: makro hii siijui.
Toleo lako jipya mno. Toleo lako limechakaa.
Yote mawili kwa pumzi moja.
Nasakinisha, nafuta, nasakinisha tena.
Joonas wa ghorofa ya pili anapita na kikombe,
anachungulia kioo, anasema siku hizi
kuna zana zinazoyamaliza haya kwa mistari sita.
Namwambia, kaa basi uiandike hiyo sita.
Anakumbuka ana kikao.

Saa tisa na robo skripti inazaliwa.
Mistari elfu kumi na nne,
hakuna mwanadamu aliyeandika hata mmoja,
na sauti ni ya Endel mtupu.

Naiachia.
Inaanza kubisha milango.

Kompaila, hodi? Ipo.
Inafanya kazi, au ipo tu? Inafanya.
Maktaba ya hesabu, hodi? Ipo.
Hapa kwenu namba nzima ina baiti ngapi? Nne.
Na saa ya nyumba hii, inakwenda mbele? Inakwenda.

Programu nyingine huingia na theluji viatuni,
zikikosa kiti zinaanguka katikati ya sebule
na lawama ni zako.
Hii inauliza yote kizingitini,
hata yale ambayo hakuna nyumba isiyo nayo
tangu mimi niko shule ya msingi.
Nilitaka kucheka. Kahawa ilikuwa imepoa.

Kisha, katikati ya mtiririko:

Kipimajoto cha Vorbuse, hodi?

Vorbuse. Bustani yake, nyuma ya sauna,
kipimajoto alichokifunga kwa waya wa simu
juu ya mti wa tufaha, ili mto ufananishwe na kitu.
Nyumba iliuzwa Oktoba, kwa watu wa Tallinn.
Mti sijui.

Nilidhani itasimama hapo.
Iliandika hapana, neno hilo tu,
ikaenda mlango uliofuata.

Nikarudi kwenye hamira, nikautafuta mstari.
Juu yake, kwenye maelezo yasiyosomwa na mashine,
kwa herufi ndogo, kama kawaida yake:
kisipokuwepo, si neno.

Ningeweza kuufuta.
Kila ujenzi ungepungua sekunde moja na nusu.
Badala yake nilijenga: maonyo ishirini na saba,
kosa moja, nukta mkato iliyopotea mstari wa themanini na nane
(hiyo ilikuwa yangu, nilipitisha mkono asubuhi).
Nikairudisha. Nikajenga tena.

Sentimita thelathini na moja.

Dirishani, mwanamume mwenye kofia nyekundu
ameshafika katikati ya mto, hakutungoja.
Mbwa wake anatangulia,
akinusa kila hatua.