Kisigino cha Kushoto

Kijana wa kampuni alikuja na viatu vipya,
akalipima duka kwa macho, hatua tano kwa tatu,
akasema pauni mia tisa, muziki humo humo.
Nikamwambia asante, nitafikiri.
Nilichofikiri ni kodi ya mwezi.
Na soli zake nilizitazama akitoka:
gundi tupu. Hazitauona mwezi wa pili.

Mimi niliamini kizuri chajiuza.
Baba aliniachia maneno hayo pamoja na nyundo,
na nyundo bado inafanya kazi.
Lakini Saumu, mwanangu, miaka kumi na minne, ulimi wembe,
akaniuliza: "Chajiuza kwa nani, mama?
Watu wa mtaa huu hupita wameinama, macho kwenye simu.
Basi na sisi tuingie humo."

Ndipo Jumapili moja, hapa Northampton, mvua ikisitasita,
tukawa watu wa filamu:
simu yenye ufa, imeegemezwa kopo la rangi nyeusi;
ubao wa pasi umesimamishwa, shuka nyeupe juu yake, uturudishie nuru;
kipaza sauti cha kuazima shuleni, kimevishwa soksi ya sufu
kisinase upepo wa mlangoni.
Gharama yote pauni nne na peni sitini,
na tatu katika hizo tulikula chipsi.

Jua letu huingia dirishani saa tano na robo,
likaaga kabla ya saa sita, kama mpangaji mwenye deni.
"Haya mama, sema."
Nikasema. Mola wangu, nilisema
kama msomaji wa matangazo ya vifo:
Karibuni nyote, tunashona, tunabandika, tunang'arisha.
Saumu akazima. "Nani amekufa?"
Mara ya pili nikatabasamu. Ikawa mbaya zaidi.
Mara ya saba jua likaondoka,
nami nikaudhika, nikavuta buti la kahawia
lililokuwa likiningoja tangu Ijumaa,
nikakaa kitini pangu, nikasahau.

Kisigino cha kushoto kilikuwa kimeliwa upande wa nje.
Anayetembea hivi anakwepa goti.
Nikang'oa misumari mmoja mmoja, nikiipanga mdomoni,
na kwa pembe ya midomo nikakiambia kile kisigino,
maana huwa nazungumza nao, na Kiingereza hawakielewi:
"Pole. Umebeba mtu."

Mtoto alikuwa anarekodi.

Sekunde arobaini. Uso wangu haumo,
mikono tu, na kucha zangu zilivyo.
Muziki hakuweka; aliacha nyundo na mvua.
Chini akaandika Kiingereza,
ila neno moja lilimshinda, akaliacha lilivyo.

Sitadanganya kwamba dunia ilisimama.
Watazamaji mia mbili na kumi na mmoja,
na sitini kati yao ni shangazi na binamu wa Tanga
waliotaka kujua mbona nimekonda.
Jumatatu nikauza kamba za viatu, jozi mbili.

Jumanne mlango ukasukumwa na bega.
Mama wa nyumba namba kumi na tisa, Doreen,
mfuko wa plastiki kifuani kama mtoto mchanga.
"Miaka sita napita hapa," akasema,
"nilidhani mnachonga funguo."
Akatoa viatu vya kiume, vyeusi, vya kufunga,
vumbi limejaa kwenye mikunjo ya vidole.
Mjukuu anaoa. Miguu ni ile ile, saizi kumi.
Mwenyewe alivivua mwezi wa Machi, hakuvivaa tena.

Kisha akauliza, akionyesha simu yake,
"Hili neno hapa. *Pole*. Maana yake nini?"

Nikamtazama Saumu. Saumu akatazama dari.
Nikapitisha kidole ndani ya kiatu,
pale ambapo gumba la mtu, miaka na miaka,
lilijichimbia kishimo chake.
Nikakiweka mezani taratibu.
Nikamshika mkono, mikono yangu na rangi yake yote,
nikamwambia:
"Pole."

Akaitikia kwa kichwa, mara mbili,
kama mtu aliyekuwa analijua.

Ndipo nikamtajia bei.