Mtu wa Mitungi

Mlimani nilibeba mtungi mmoja, mdogo kama chupa ya chai,
wa mgeni aliyelipia hofu yake mapema.
Mara nyingi ulirudi geti la Mweka
muhuri haujakatwa.
Tulimwambia polepole, mama, polepole,
na hewa akaikuta mwenyewe huko mbele.

Wageni walipokatika nikashuka Moshi
kusukuma mitungi ya hospitali.
Hii inanifika begani.
Unauzungusha kwa kitako, umeinama nao
kama mlevi unayemrudisha kwake
usitake mkewe aamke.
Mfuko wa kulia, spana. Wa kushoto, karatasi:
saa nne usiku, kumi na miwili.
Saa sita, saba.
Saa tisa sikuandika.

Sista Ndeshukurwa hajui polepole.
Anasema "Kiwelu!" tu, nami najua kitanda.
Jina lake kaliandika kifuani kwa kalamu ya wino mzito,
maana ndani ya ile nailoni sote ni mtu mmoja,
na mtu huyo ana jasho na hajala.

Nyumbani Pasua mke wangu anasema
nalala nimekunja mkono, nakaza kitu.
Juzi jiko la gesi lilizima, nikaruka kitandani
nikiuliza nani, nani.

Jana nilimkuta Sista stoo, juu ya boksi la glavu,
barakoa kidevuni, pua imechorwa kidonda.
Nilidhani analia. Alikuwa anahesabu kwa vidole,
mitungi, au siku, au watu.
Sikuuliza. Nilimpa chungwa.
Akalichubua kidogo kwa ukucha, akalinusa.
Akalinusa tena.
Akaniangalia.
Kisha akalirudisha mkononi mwangu, taratibu,
akapandisha barakoa, akasogea hadi ukutani
mbali nami.

Leo zamu imebandikwa bila jina lake.
Jina liko wodi ya tatu, kitanda cha nne,
kwa mwandiko wa mtu mwingine.
Nimefunga koki ya mtungi mtupu, nimefungua ya mzima,
maji kwenye kichupa yakaanza kuchemka bila moto.
Dirishani mlima mweupe, hauna mtu.
Nilimwinamia nikasema lile neno
ambalo sijalitamka tangu nishuke:
polepole, Sista. Polepole.
Alifumba macho. Kidole chake kikagonga shuka
mara moja, mara mbili, kama anayehesabu.

Nikaitwa wodi ya kwanza.
Nikakimbia.