Udongo wa Jumatatu

Jumatatu ni ng'ombe, si siku.
Alizaliwa siku hiyo Uthiru, nyuma ya karakana ya milango ya chuma,
na Gathogo hakuona haja ya kumtafutia jina jingine.

Aprili, maziwa yake yalirudishwa.
Mkebe mzima, lita kumi na nane,
meupe sawa na ya jirani yaliyopokewa.
Utepe wa kipimo ulitoa mstari mmoja wa waridi
pale ilipotakiwa miwili.
Aliyamwaga mtaroni mwenyewe. Paka wakaja.

Akaniletea lishe kwenye mfuko wa kaki:
mahindi ya kupondwa, pumba, mashudu ya pamba.
"Nimenusa, Mutheu. Hata nimeonja. Haina neno."
Nikazima taa, nikawasha ile ya urujuanimno,
na lishe ikafumbua macho,
hapa moja, pale matatu,
kijani cha ndimu changa,
yakitutazama.

Gathogo akarudi nyuma hatua moja.
Mimi sikurudi. Macho hayo nayajua.

Kwetu Kibwezi, mwaka ule wa gunia lililolowa,
mama alipeta, akaosha maji saba, akachemsha tangu alasiri.
Ukungu ulitoka. Sumukuvu ilibaki;
sumukuvu haiogopi moto wa kuni.
Kabla mwezi kuandama macho ya Kioko yalikuwa manjano
na majirani wakasema ni mkono wa mtu.
Ulikuwa mkono wa mtu kweli:
wa mama, wenye mwiko.
Hilo sijawahi kumwambia.

Mezani kwa Mmbone kuna odowa.
Ana mimba ya miezi sita, hununua kipande soko la Kangemi,
hukitafuna, krap, huku akisoma mizani,
nami humcheka: mwanasayansi mzima anakula ukuta.
"Mwili unajua unachokitaka," husema.
Labda. Kwani nasi tunafanya nini hapa Kabete
ila kumpikia ng'ombe udongo?

Tunauambua jani kwa jani.
Chukua unywele wako, upasue mara elfu themanini;
ufito mmoja wa hapo ndio unene wa jani.
Kijiko kimoja kikitandazwa kingefunika nusu ya uwanja wa mpira.
Nusu ya uwanja, vyumba vitupu, milango wazi.
Sumu hupita tumboni ikilitafuta ini,
huona mlango, huingia, hukaa.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
huyu wetu hufungiwa chumbani,
kisha hutupwa nje pamoja na chumba chake
katika mavi.

"Na mavi nayatia kwenye sukuma," Gathogo akasema.
"Huko mlango utafunguliwa na nani?"

Mmbone aliacha kutafuna.
Niliandika swali lake daftarini, nikalipigia mstari.
Chini yake bado pana nafasi.

Siku ya kumi na moja, mistari miwili.
Wa pili hafifu, kama umechorwa na mtoto
anayeogopa kuharibu karatasi,
lakini upo.
Hakushukuru. Aliuliza bei ya gunia,
na nilipomwambia halijawa na bei alicheka kwa pua:
Nairobi hii, kitu kisicho na bei hakijazaliwa.

Jioni nikapitia kwa msaga unga, kilo mbili,
nikanusa, kama alivyonusa yeye.
Nyumbani nina taa ya kawaida tu.
Nasonga ugali. Unatoka mweupe, unafuka,
na mwiko uko mkononi mwangu.