Zamu ya Usiku, Kijitonyama

Rauta haiijui Mbagala.
Inajua tarakimu, na mlango unaofuata.
Pakiti ikibisha, huisoma anwani toka kushoto,
hupekua jedwali kabla sijapepesa:
mstari huu umelingana nusu,
huu umezidi kidogo,
uliolingana zaidi ndio njia.
Isiyofahamika kabisa hutupiwa mlango wa jumla,
kama mjomba Mhidini alivyotuusia:
ukipotea, nenda Ubungo, huko watajua.

Kila mlango huipunguzia uhai, moja.
Ikibaki sifuri, hufa njiani bila matanga.

Saa tisa usiku. Nimemwandikia Tunu, Kizuiani:
Umelala?
Taa ya kijani imekonyeza.
Haikusoma neno, imesoma anwani, basi.

Kiyoyozi kinanguruma.
Tiki moja.

Tiki mbili. Kumbe njia ipo.
Aliyenyamaza ni Tunu.