Beringi ya Kushoto

Jiwe mbele ya gurudumu la kulia, jiwe nyuma yake.
Igombe haikosi mawe.
Jeki chini ya ekseli, si chini ya sakafu:
hii ni nyumba yangu, na sakafu yake ni mbao.

Humu walilala wapima barabara.
Barabara ilipokwisha wakalitupa tela yadi ya Nyakato,
nikalinunua pamoja na kunguni wake,
nikaweka jiko, godoro, marobota ya vitenge.
Tangu hapo mimi ni mtu wa minada,
leo Magu, kesho Misungwi.

Luhende aliniambia mapema:
"Mama Mbuke, injini hulalamika, breki hupiga kelele.
Beringi hufa kimya, kama mtu mwenye adabu."
Nikacheka. Nikamlipa ya tairi tu.

Kisha mteremko wa Usagara, alfajiri,
naona gurudumu linatupita upande wa kushoto,
linakimbia peke yake.
Nikamwambia Sayi kwenye usukani,
masikini, limemchomoka nani?
Likaingia majarubani. Bata wakaruka.
Ndipo nyumba yangu ikapiga goti.

Sasa, kila pamba inapoanza kupasuka,
nafungua mwenyewe.
Kifuniko. Pini. Nati.
Grisi ya mwaka jana imekuwa nyeusi, majimaji,
inanuka kama kitu kilichoungua kwa siri.
Naiosha beringi kwa mafuta ya taa
mpaka nijione usoni mwa kila chuma.
Naizungusha karibu na sikio.
Ikinong'ona, nzuri.
Ikitafuna mchanga, naitupa,
nakwenda Mabatini kubishana bei.

Grisi mpya kiganjani.
Nabonyeza ukingo mpana, nazungusha, nabonyeza,
mpaka itokeze upande wa pili kwa vinyuzi vyekundu
kama nyama mashineni.

Ndipo ziwani linasimama lile wingu,
usubi, toka majini hadi juu, moshi usio na moto.
Upepo ukigeuka, utakuwa hapa.
Naifunga beringi kwa kanga safi,
ile niliyomnunulia Mbuke, hakuichukua;
maneno yake siyasemi, grisi imeyala nusu.
Naingia ndani, nafunga dirisha, naipakata.

Wingu likipita, narudi kwenye nati.
Luhende alinifundisha (safari hii nilimlipa):
kaza huku ukizungusha, hadi gurudumu likatae,
kisha rudisha, kidogo, liache lipumue.
Hapo ndipo nakosea kila mwaka.
Mkono wangu unajua kukaza tu.
Nilimkaza Mbuke hivyohivyo,
akahamia Geita bila kuaga.

Narudisha. Nauliza kwa vidole.
Narudisha tena, unywele.
Pini mpya, shilingi mia tano; ya zamani siirudii.

Kesho Ngudu. Tukifika, kabla ya kufungua mlango,
nitainama, niweke mgongo wa mkono kwenye habu
kama unavyopima homa.
Kushoto kwanza.
Vuguvugu inatosha.
Nitachemsha chai, nitampigia Mbuke,
nisiulize mengi.